Msasa hauokoi dari iliyoharibiwa na mwiko

"Hiyo mistari si itaisha kwenye msasa, fundi?" Mteja akiuliza hivyo namsamehe, si kazi yake. Ninaowakasirikia ni mafundi wenzangu wanaomjibu "itaisha, bosi", kisha wanarusha skimu ya dari (tabaka jembamba la unga wa jipsamu uliokorogwa) ovyo kwa sababu kesho kuna msasa.

Msasa unaondoa chembe na vinundu. Wimbi lenye urefu wa futi mbili hauliondoi, maana mkono wako unapanda nalo na kushuka nalo. Ukilazimisha unafika kwenye karatasi ya bodi ya jipsamu, nyuzi zake zinasimama, rangi inanyweka tofauti pale, na kiungo cha bodi ulichokuwa unakificha kinajitangaza. Na siku hizi kila sebule inataka dari ya ngazi yenye taa za ukanda wa LED zilizofichwa pembeni. Mwanga ule unapita sambamba na dari, kwa hiyo hata wimbi la milimita moja linatupa kivuli. Globu moja katikati ya chumba ilitusitiri sana.

Basi tuje kwenye mwiko. Ukubwa ni jambo rahisi: inchi 6 kwa kulaza tepu inayofunika viungo vya bodi, 10 kwa mkono wa pili, 12 au 14 kwa mwisho. Tuendelee.

Tatizo ni ukingo. Watu wananunua mwiko mpya unaong'aa, wanaupeleka moja kwa moja darini, kisha wanalaumu unga. Mwiko mpya una pembe kali, na kila pembe inachora mstari wake kila unapopita. Chukua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, uzisugue pembe zile na ukingo mpaka kidole kipite bila kukwama. Halafu usimamishe kwenye kigae kilichonyooka, utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga katikati, huo umepinda, na umetengenezwa hivyo makusudi: ni wa viungo, unaacha tumbo dogo juu ya tepu. Ukiupigia skimu ya dari nzima utapata matumbo yamepangana kutoka ukuta hadi ukuta. Nimeona fundi akibadilisha aina tatu za unga kwa sababu ya mwiko uliopinda.

Chuma kisichoshika kutu au cha kawaida? Cha kawaida kikiachwa na maji kinashika kutu, na kutu ikiingia kwenye skimu nyeupe inaweza kutokea hadi juu ya rangi. Hoja hiyo inatosha kununua kisichoshika kutu. Hata hivyo mwiko wangu wa kumalizia ni wa kawaida, umeliwa mpaka umekuwa mwepesi, na sina hakika kama uzuri uko kwenye chuma au kwenye mazoea ya mkono wangu.

Ukiulaza mwiko unaacha unga mwingi, ukiuinua unakwangua. Anayeshika mwiko kwa mwinamo uleule tangu asubuhi hadi jioni hajui anafanya nini. Kwenye kiungo, gandamiza upande wa nje ili ukingo wa skimu ufe kabisa. Pande ndefu za bodi zimepunguzwa unene ili tepu ikae, lakini ncha fupi hazikupunguzwa, hivyo pale lazima utanue skimu zaidi ya nusu mita. Mwinuko wa kiungo unabaki; unachofanya ni kuutandaza mpaka jicho lisiuone.

Na ndoo, jamani! Mabaki ya jipsamu iliyokauka yanaharakisha mchanganyiko mpya kushika, na punje zake zinachora mistari ambayo utausingizia mwiko. Iliyoanza kushika usiiongeze maji, itupe.

Kuna wanaokimbilia dari ya nakshi "ili kuficha". Nakshi inaficha alama za mwiko, haifichi bodi iliyoning'inia. Ile ya visiwa-visiwa inataka mchanganyiko mzito wenye mchanga kidogo, na mwiko laini ulazwe karibu sambamba na dari, uteleze na kuruka. Ile ya matone yaliyobapazwa inataka subira: subiri mng'ao wa maji upotee, ndipo upitishe mwiko mpana bila kugandamiza. Ukiwahi unapaka uji, ukichelewa unabandua matone. Kwa kazi ile ya visiwa yenye mchanga usiguse mwiko wako wa kumalizia. Ukingo ukishakwaruzwa, unaanza upya na msasa wa maji.