Rangi Haiogelei: Dhana Zinazowapoteza Wanaoanza Kuchonga Chambo

"Fundi, nguru wanapenda rangi gani?" Swali hili huulizwa hata kabla ya salamu. Mwulizaji huwa ameshika samaki wa mbao aliyemchonga mwenyewe awe chambo bandia: mgongo wa buluu, ubavu wa fedha, magamba yaliyopulizwa rangi kupitia wavu wa kitunguu, jicho la kubandika. Kazi ya mkono safi kabisa. Nikimuuliza kama ameshamkokota majini hata mara moja, jibu ni bado, anangoja vanishi ikauke.

Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nayaandika hapa.

Dhana: Rangi ndiyo inayonasa samaki

Ukweli: kinachonasa kwanza ni mwendo. Rangi inakuja nyuma sana, baada ya mwendo, kina na ukubwa.

Tuanze na maji yenyewe. Mwanga wa jua ukiingia baharini haufiki chini ukiwa mzima. Wekundu ndio unaonyonywa kwanza. Hata kwenye maji safi hufifia ndani ya mita chache za juu, na ukifika mita kumi kitu chekundu kinaonekana cha kijivu au cheusi. Buluu ndiyo inayosafiri mbali. Tena maji hayahesabu kina peke yake. Samaki aliye mita kumi ubavuni mwa chambo chako anakitazama kupitia mita kumi za maji vilevile. Ile nyekundu uliyoilipia pesa nyingi haimfikii. Na kama unavulia mlango wa mto baada ya mvua, maji yakiwa na tope, umbali huo unakuwa mfupi zaidi.

Halafu samaki hategemei jicho peke yake. Ubavuni ana mstari wa hisia unaopokea mitikisiko ya maji. Chambo kinachoyumba kushoto na kulia kinapiga maji, na kwenye maji ya tope anaweza kukisikia kabla hajakiona. Chambo kinachokuja kimenyooka, au kinachozunguka kama pangaboi, hakimwambii kwamba kuna kidagaa kilichoumia mbele yake. Kinachozunguka kinafanya na jambo lingine baya: kinasokota mshipi wako mpaka uutupe.

Lauri Rapala, yule mvuvi wa Finland ambaye jina lake limekuwa ndilo jina la chambo cha aina hii kwa wavuvi wengi wa pwani yetu, alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa koki (lile gome jepesi la vizibo vya chupa) na kisu cha fundi viatu. Alikifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Ukikitazama hicho na cha kwako, cha kwako kinapendeza zaidi. Lakini Rapala alikuwa ametumia muda mrefu kuangalia samaki wakubwa wakishambulia kundi la wadogo, akaona wanamfuata yule anayeogelea upande, aliyejeruhiwa. Alichonga akitafuta kuyumba kule. Karatasi ya chokoleti ilikuwa kile alichokuwa nacho nyumbani.

Sasa mwendo unatoka wapi? Sehemu tatu: ulimi (kile kibapa kinachochomoza chini ya kidevu cha chambo), risasi ya tumboni (ile metali laini ya kutia uzito), na mahali unapofunga mshipi.

Ulimi uliosimama wima chini ya kidevu humfanya samaki wa mbao aogelee juujuu huku akitikisika sana. Ulimi mrefu uliolala mbele, unaokaribia kunyooka na mwili, humpeleka chini. Ukihamisha pete ya kufungia mshipi kutoka puani ukaiweka juu ya ulimi wenyewe, anazidi kuzama. Ulimi ukikaa pembeni hata kidogo, au ukiingia umepinda, hakuna rangi duniani itakayomnyoosha. Ndiyo maana nasisitiza, na wanafunzi wangu wananuna: kata ufa wa ulimi na toboa matundu yote mbao ikiwa bado mstatili wenye pembe kamili. Ukishaichonga ikawa mviringo huna tena upande wa kupimia, unabaki kukisia. Karibu kila chambo ninacholetewa "kirekebishwe" kilichongwa kwanza, kikakatwa ufa baadaye.

Kuhusu kitu cha kutengenezea ulimi, achaneni na sidii za zamani. Zinapasuka zikigonga mwamba. Bati la kopo la soda ni jepesi mno. Nendeni kwa fundi pikipiki mkaombe kioo cha helmeti kilichochakaa. Vingi ni vya polikaboneti, vinakatika kwa msumeno mdogo, havivunjiki ovyo, na ule mbonyeo wake mdogo hausumbui. Bodaboda wanavitupa kila siku.

Risasi ikae chini kabisa ya tumbo, mbele kidogo ya katikati. Ikikaa juu, samaki atapinduka. Ukiilundika mkiani atarushika mbali, ni kweli, lakini kuyumba kunakufa. Usikisie uzito. Mvishe ndoana na pete zake zote, mweke kwenye ndoo, mfunge vipande vya risasi tumboni kwa mpira, ongeza na punguza mpaka alale sawa, mgongo ukichungulia juu ya maji. Hapo ndipo unatoboa na kuizika. Na ndoo iwe ya maji ya bahari ikiwa utavulia baharini. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo chambo chenye ujazo wa sentimita za ujazo 40 kinabebwa na gramu moja zaidi kuliko kwenye maji ya bomba. Gramu moja unaiona ndogo, mpaka uone chambo kilichotakiwa kuzama polepole kinabaki kinaelea.

Kisha kabla ya rangi, mzibe vinyweleo vya mbao, mpeleke gatini, mkokote. Akikimbilia kushoto, shika pete ya puani kwa koleo uipinde kulia kidogo; akienda kulia, pinda kushoto. Kidogo maana yake kidogo, jicho lisione. Akikataa kunyooka baada ya hapo, ulimi umekaa vibaya. Mng'oe ulimi, au mwache awe pambo la ukutani.

Akishaogelea, paka unachotaka. Mimi napaka mgongo mweusi na tumbo jeupe, kwa sababu samaki wengi wa baharini wako hivyo: mgongo wa giza, tumbo la mwanga. Samaki anayeshambulia kutoka chini anaona zaidi kivuli cha chambo dhidi ya mwanga wa juu, na hapo umbo ndilo linalosema. Alfajiri na magharibi cheusi kitupu kinafanya kazi vizuri. Wapo watakaokuambia chambo kinataka dua pia. Dua ni ya mvuvi. Chambo kinataka risasi mahali pake.

Dhana: Ukiyeyusha risasi, kunywa maziwa, hakuna neno

Hii hainichoshi, hii inanitisha. Maziwa hayaoshi risasi mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, jiko la mkaa linafika bila taabu, na ndiyo maana watu huichukulia kama mchezo. Moshi ni sehemu ya hatari. Sehemu nyingine ni yale majivu yanayoelea juu ya sufuria na vumbi linalobaki mikononi, kwenye nguo, kwenye sakafu ambapo mtoto anatambaa. Na sufuria ile ikirudi jikoni, sina la kuongeza.

Betri kuukuu za gari ndizo mbaya kuliko zote: zina asidi na uchafu mwingine pamoja na risasi. Mombasa tunalijua hili. Mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, na mwaka 2020 mahakama iliwatolea wakazi uamuzi wa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hawakuwa wanachonga chambo, lakini risasi ni ileile.

Isitoshe, maji kwenye kalibu. Tone moja la unyevu likikutana na risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja na kurusha chuma cha moto usoni.

Anayeanza hana haja na haya yote. Samaki wa mbao wa sentimita 12 hataki kuyeyushiwa kitu. Nunua chubwi ndogo za dukani (vile vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi), zikate kwa koleo, zigonge ndani ya tundu, funika kwa gundi ya epoksi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Kazi imekwisha, na hukuwasha moto.

Dhana: Skrubu ya jicho na pete ya funguo zinatosha

Zinatosha kwa changu wa sahani. Kolekole atakuachia mbao tupu. Skrubu kwenye mbao laini inang'oka, hasa maji yakishaingia, na pete ya funguo inafunguka au inakula kutu ndani ya wiki. Pitisha waya mmoja wa chuma cha pua, unene wa milimita 1.2 au zaidi, kutoka puani mpaka mkiani, ukiwa na kitanzi cha tumboni. Mbao ikivunjika samaki bado yuko kwenye waya. Pete nunua za kuvulia. Unataka kuhakikisha? Ninginiza dumu la lita 20 lililojaa maji kwenye ndoana. Hizo ni kilo 20. Kikinyooka kitu chochote, bora kinyooke nyumbani.

Dhana: Mbao ngumu ndiyo chambo imara

Mpingo huzama kama ulivyo, kabla hata hujautia risasi. Mkoko ni mzito, na kuukata bila kibali ni kosa. Uimara wa chambo unatoka kwenye waya na kwenye uzibaji. Tafuta mbao nyepesi: msufi, au msonobari wa paleti zilizovunjwa bandarini. Mbao nyepesi inakuachia nafasi ya kuweka risasi chini, na hapo ndipo kuyumba kunapopatikana. Izibe kwa supagluu au epoksi iliyolainishwa, ndani ya matundu na ufa pia, maana maji huingilia hapo, mbao inavimba, rangi inapasuka. Kama unatengeneza popa, yaani chambo kinachoelea na kurusha maji kikivutwa, soli za kandambili zilizotupwa ufukweni zinafaa sana na hazihitaji kuzibwa.

Dhana: Chambo bandia ni mambo ya watalii

Wazee waliokuwa wakirambaza kwa ngalawa wakifunga manyoya meupe ya jogoo au nyuzi za gunia kwenye ndoana hawakumngoja mtalii.

Dhana: Kujitengenezea ni rahisi kuliko kununua

Vya mwanzo vitakugharimu zaidi. Ndoana nzuri, pete na epoksi hazichongwi.

Dhana: Paka mafuta ya samaki, harufu itawaita

Kwa chambo kinachokaa chini, labda. Kwa kinachokokotwa kwa kasi ya noti sita (kipimo cha mwendo wa chombo majini), nguru ana nukta moja ya kuamua, na anaamua kwa jicho na ubavu. Mafuta yatakunukisha wewe.

Dhana: Kubadilisha ndoana za chambo cha dukani hakuathiri kitu

Aliyekitengeneza alipiga hesabu ya uzito akiwa na zile ndoana za mwanzo. Ukiondoa nyembamba ukaweka nene "kwa sababu huku kwetu samaki ni wakubwa," umeongeza risasi tumboni bila kujua. Kuyumba kunapungua, na kinachoelea kinaweza kuanza kuzama. Ukitaka nguvu zaidi, ondoa ndoana ya meno matatu uweke ya jino moja iliyo nene, jicho lake likikaa sawasawa na pete. Inashika vizuri, na kumtoa samaki unayetaka kumrudisha ni kazi ndogo. Pima ya zamani na mpya kwenye mizani ndogo kama ile ya sonara, zikaribiane uzito. Zikikataa kulingana, anza kwa kubadilisha ya tumboni tu, ukokote, utazame, kisha ndiyo uguse ya mkiani.