Je, Wajua Kwa Nini Sakafu ya Joto Huwashwa Kisha Huzimwa Kabla ya Kubandikwa Vinili?

Fundi anayeijua kazi yake, akiitwa kubandika vinili, yaani plastiki nyembamba ya kufunikia sakafu, juu ya sakafu inayopashwa joto kutoka chini, haanzi na rangi wala ukubwa wa chumba. Anauliza kwanza: "Sakafu hii imeshawahi kuwashwa?" Ukimwambia bado, mnangoja vinili ikamilike ndipo mfungulie joto, atafunga mkoba wake aende zake. Ukimwambia inawaka hata sasa hivi, ikanyage uone ilivyo vuguvugu, atakuambia uizime, naye atarudi keshokutwa. Yaani anataka sakafu iliyokwisha kuwaka, ila siku ya kazi aikute imezimwa. Ukaidi huu una sababu zake.

Sakafu ya namna hii huwa na mabomba ya plastiki, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 16 hivi, yaliyolazwa kwa mizunguko juu ya bodi za povu zinazozuia joto lisipotelee ardhini. Juu yake humwagwa tabaka la saruji na mchanga, au la jasi la kumimina, ambalo mafundi huliita skridi. Maji ya moto hupita ndani ya mabomba, skridi hupata joto, na chumba kizima hupashwa kutoka miguuni. Wengine hutumia nyaya za umeme. Wazo lenyewe ni la kale: Warumi walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za mabafu yao, na Wakorea wana ondol yao mpaka leo. Ila Warumi walitandika mawe na vigae juu yake. Plastiki nyembamba ya milimita 2 au 3 ina tabia nyingine kabisa.

Adui wa kwanza ni maji. Skridi huchanganywa kwa maji mengi kuliko yale saruji inayoyahitaji ili ikaze, na yanayobaki hayana pa kutokea ila juu. Kadirio linalotumika sana kwa skridi ya saruji ni siku moja kwa kila milimita moja ya unene, na ukishapita milimita 40 au 50 za kwanza, mwendo unazidi kuwa wa polepole. Skridi ya kufunika mabomba aghalabu ina unene wa milimita 65 hadi 75. Piga hesabu: hata hali ya hewa ikiwa nzuri, ni zaidi ya miezi miwili. Sasa pita hapo wiki ya nne uiguse kwa kiganja. Imekauka, imekuwa nyeupe, inatoa vumbi. Ukidanganyika na vumbi hilo umekwisha, kwa sababu sentimita tano chini bado kumeloa.

Vinili haipumui. Mvuke ukipanda unakwama chini yake, tena haupandi peke yake. Hubeba alkali ya saruji, ambayo pH yake, yaani kipimo cha ukali wake, huzidi 12, na alkali hiyo huigeuza gundi kuwa kitu cha kunata kama asali iliyoganda vibaya. Kisha huja malengelenge, kingo zinazoinuka, na harufu usiyojua inatoka wapi. Kwenye sakafu ya kawaida mchezo huu unaweza kwenda taratibu. Penye mabomba ya moto, joto huusukuma unyevu juu kwa haraka.

Wapo wanaopima kwa kubandika kipande cha nailoni sakafuni na kukiacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, umepata jibu. Usipoyakuta, hujapata jibu lolote, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kipimo cha kuaminika ni kisanduku chenye kipima unyevu, kinachofungwa sakafuni bila kupitisha hewa kwa siku tatu au zaidi. Kiwango cha Uingereza kinataka unyevu wa hewa ndani ya kisanduku hicho usizidi asilimia 75, na wakati wa kupima, joto la sakafu liwe limezimwa. Njia nyingine, iliyozoeleka Ujerumani, ni kuchimbua kipande cha skridi kutoka chini, kukiponda, kukitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabidi, kemikali inayotoa gesi ikikutana na maji, na kusoma presha ya gesi inayotoka. Skridi ya saruji yenye mabomba hutakiwa isizidi asilimia 1.8 ya maji. Ya jasi, kiwango huwa kidogo zaidi.

Hapo kuna mtego: utachimbua wapi, na mabomba hayaonekani? Ndiyo maana mafundi makini huweka alama za sehemu zisizo na bomba kabla skridi haijamwagwa. Aliyesahau hubaki na dreli mkononi, akiomba Mungu.

Sasa turudi kwenye kuwashwa. Kwa kanuni ya Ulaya, skridi ya saruji haiwashwi kabla ya siku 21, na ya jasi kabla ya siku 7. Maji huanza na nyuzijoto 25 kwa siku tatu, kisha hupandishwa mpaka kikomo cha mfumo na kuachwa hapo siku nne, halafu sakafu hupozwa. Wengi hudhani lengo ni kukausha. Kukauka kunasaidiwa, lakini lengo hasa ni kuichokoza skridi itanuke na kusinyaa, kama ina ufa itoe ufa wake sasa. Ufa wa leo huzibwa kwa rezini jioni moja. Ukitokea mwakani chini ya vinili, utauona kama mstari ukikatiza sebule.

Na kwa nini izimwe siku ya kubandika? Hapa hesabu ndogo inatosha. Chukua chumba cha mita 5, joto likapanda kwa nyuzi 10. Zege hurefuka kwa takriban nusu milimita. PVC tupu, ambayo ndiyo mama wa vinili, hurefuka kwa milimita 3 hivi. Vipande vikibandikwa vikiwa moto vitasinyaa vikipoa, na mianya itafunguka kwenye maungio. Isitoshe, gundi iliyopakwa juu ya sakafu ya moto hukauka kabla hujaweka kipande cha pili. Kwa hiyo joto huzimwa saa 48 kabla, vinili yenyewe hulazwa chumbani humo izoee hali, na baada ya kazi husubiriwa saa 48 nyingine. Kisha joto hupandishwa nyuzi chache kwa siku. Gundi pia iwe ile iliyotengenezwa kwa sakafu za joto. Ya kawaida hulegea.

Uso wa skridi nao una mambo yake. Ile ya jasi huacha utando laini juu, ambao lazima uondolewe kwa msasa wa mashine na vumbi linyonywe. Usipake saruji ya kusawazisha moja kwa moja juu ya jasi: vikikutana na unyevu huzaa fuwele zinazovimba na kubandua tabaka la juu. Praima, rangi ya awali inayopakwa kwanza, huvitenganisha. Baada ya hapo humiminwa saruji laini ya kusawazisha, nyepesi kama uji, kwa unene wa milimita 3 hivi, iwe ya aina inayovumilia kutanuka. Ukilaza rula ya mita 2, mwanya usizidi milimita 3. Hata hivyo rula haioni kila kitu. Chembe moja ya mchanga chini ya vinili itajitokeza kama kipele, na mwanga wa dirishani jioni ukiipiga kwa pembeni, hutaona kitu kingine chumbani.

Baada ya yote hayo, uso wa vinili usizidi nyuzijoto 27. Plastiki hii hupitisha joto vizuri kwa kuwa ni nyembamba, na hapo inalishinda zulia zito. Lakini ukitandika hilo zulia juu yake, au ukalaza godoro, joto hukosa pa kutokea, na pale chini hupita 27 huku termostati, yaani kidhibiti joto, ambayo kihisi chake kiko upande wa pili wa chumba, ikisoma kuwa mambo ni shwari. Vinili hulainika, hubadilika rangi, na miguu ya kabati huacha mashimo. Kwa hiyo fundi yule, akiwa anakusanya vifaa vyake, ana swali moja zaidi: "Kitanda mnakiweka wapi, na kina miguu?"