Maana ya madini adimu, na kwa nini koltani haimo

Katika taarifa ya habari niliyoisikiliza majuzi, msomaji alisema kwamba viwanda vya magari barani Asia vimehangaika kwa sababu China imebana usafirishaji wa madini adimu, "yaani koltani, kobalti, lithiamu na grafiti". Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ilikuwa sahihi. Sehemu ya pili ilikosea yote, kwa kuwa kati ya vitu vinne vilivyotajwa hakuna hata kimoja kilicho katika kundi la madini adimu. Nimekwisha kulisikia kosa hili mara nyingi mno, redioni, magazetini na hata katika hotuba za watu wanaoshughulikia uwekezaji, na ninadhani limefika mahali pa kuelezwa kwa utulivu.

Madini adimu ni jina la kundi moja la elementi 17 za kikemia: lanthanidi 15, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu, pamoja na skandiamu na itriamu, ambazo tabia zake zinafanana na za lanthanidi. Kundi hilo limefungwa. Bei ya madini mengine ikipanda, au serikali fulani ikiyatangaza kuwa nyeti, hayaingii humo, kama vile shaba isivyoweza kuwa dhahabu kwa kupanda bei.

Tatizo limo katika jina lenyewe, ambalo lina historia ndefu ya kupotosha watu. Mwaka 1787 Carl Axel Arrhenius, luteni wa jeshi la Sweden aliyependa elimu ya mawe, aliokota jiwe jeusi na zito katika machimbo ya Ytterby, karibu na Stockholm, ambako feldspa ilichimbwa kwa ajili ya viwanda vya vyombo vya kauri. Jiwe hilo lilimfikia mwanakemia Johan Gadolin wa Finland, naye mwaka 1794 akaeleza kwamba asilimia 38 hivi ya jiwe hilo ni "udongo" usiojulikana. Wanakemia wa wakati ule walipotaja udongo hawakuwa na maana ya kile tunachofinyangia vyungu. Walikuwa na maana ya unga usioyeyuka majini wala kubadilishwa na moto, kama chokaa, yaani kile ambacho leo tunakiita oksidi. Na kwa kuwa udongo huo mpya ulionekana katika mawe machache tu yaliyojulikana siku hizo, uliitwa udongo adimu, kwa Kiingereza "rare earths". Kwa hiyo katika lugha za Ulaya jina hilo lilikuwa na makosa mawili tangu kuzaliwa: kilichopewa jina la udongo si udongo, na kilichodhaniwa kuwa haba kilikuja kugunduliwa kila bara.

Uhaba huo haupo, na hapa tarakimu zinasaidia. Seriamu, iliyo nyingi kuliko zote katika kundi, inakaribiana na shaba kwa wingi katika gamba la dunia. Tuliamu na lutetiamu, zilizo chache kabisa ukiacha promethiamu ambayo ni nururishi na haidumu, ni nyingi kuliko dhahabu kwa takriban mara 200.

Jina hilo lilipoingia katika Kiswahili lilipata sura mbili. Wapo wanaoandika "ardhi adimu", tafsiri ambayo ningeomba iachwe kabisa, kwa sababu msomaji wa Kilimanjaro au wa Vihiga akikutana na ardhi adimu ataelewa uhaba wa mashamba, na atakuwa ameelewa Kiswahili sawasawa. Wengi wanaandika "madini adimu", na hilo ndilo lililoshika. Linastahili kuangaliwa neno kwa neno.

"Madini" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mahali kitu kinapokaa, yaani machimbo. Kwetu limekuwa jina la kile kinachotoka machimboni. Kwa ukali wa kisayansi, elementi 17 hizi hazichimbwi kama zilivyo, bali zimo ndani ya madini yenye majina yake, kama bastnasaiti, monazaiti na zenotaimu. Anayesema "madini adimu" anataja kilichobebwa kwa jina la kilichokibeba. Sioni haja ya kuligombania hilo, kwa sababu tunasema "madini ya chuma" na hakuna anayepotea.

Neno "adimu" ndilo lenye utajiri. Waarabu wenyewe, wanapozitaja elementi hizi, hutumia neno ambalo kwetu limezaa "nadra", wala si lile lililozaa "adimu". Nasi tunayo yote mawili, na hatuyatumii sawa. Nadra ni jambo lisilotokea mara kwa mara, kama vile mvua ya mawe. Adimu ni kitu kisichopatikana unapokitafuta. Tunasema sukari imeadimika, na kila mtu sokoni anajua kwamba miwa haijaisha duniani. Imeadimika kwa sababu kiwanda kimesimama, au kibali cha kuiagiza kimechelewa, au mtu ameifungia ghalani akisubiri bei. Kitenzi "kuadimika" kinabeba ndani yake mkono wa binadamu. Kwa hiyo aliyechagua "madini adimu", pengine bila kukusudia, ametupatia jina lililo karibu na ukweli kuliko lile la Ulaya: vitu hivi ni vingi ardhini, lakini vimeadimika njiani, kati ya machimbo na kiwanda.

Ugumu uko katika kuzitenganisha. Elementi hizi zinafanana kikemia kama ndugu wa tumbo moja, na majina yake yenyewe yanasimulia taabu ya waliozitafuta. Lanthanamu limetokana na neno la Kigiriki la kujificha, neodimiamu lina maana ya pacha mpya, na disprosiamu ni lile lisilofikika kwa urahisi. Ili kuzitenga kiwandani, makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kusagwa na kupunguzwa takataka, huyeyushwa kwa asidi, kisha mchanganyiko hupitishwa katika matangi yaliyopangwa kwa safu ndefu, mara nyingi kwa mamia ya hatua, ambamo kimiminika cha mafuta huvuta elementi moja kwa nguvu kidogo zaidi kuliko jirani yake. Katika miaka ya 1970 Xu Guangxian, profesa wa Chuo Kikuu cha Peking, alitunga nadharia ya kukokotoa hatua hizo, na viwanda vya China vikaweza kupanga safu za matangi bila kubahatisha kwa miaka. Bayan Obo, mgodi mkubwa wa Mongolia ya Ndani unaolisha viwanda vya Baotou, ulijulikana kwanza kwa chuma chake. Uwezo wa kuchenjua ndio uliougeuza kuwa kitovu cha madini adimu, na hata leo sehemu ya China katika utenganishaji, inayokaribia asilimia 90 ya dunia, ni kubwa kuliko sehemu yake katika uchimbaji.

Niongeze hapa jambo dogo la jina. Kichina nacho huziita elementi hizi "xitu", yaani udongo adimu, kwa kufuata jina la Ulaya. Lakini katika mkoa wa Jiangxi, kusini mwa nchi, kuna udongo wa mfinyanzi halisi ambao chembe za madini adimu, hasa yale mazito kama disprosiamu, zimeushikilia kwa nje, na huondolewa kwa maji ya chumvi bila kusaga mwamba. Kosa la mwaka 1794 liligeuka kuwa kweli huko kwa bahati. Ukweli huo una gharama, kwa sababu maji hayo yameacha vilima vilivyokufa na vijito vilivyochafuka, na sehemu ya uchimbaji wa aina hiyo imehamia ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Kachin nchini Myanmar.

Sasa nije kwenye sera, kwa sababu ndipo kuchanganya majina kunapodhuru. Mwaka 1990 China iliyatangaza madini adimu kuwa rasilimali inayolindwa, na wageni wakazuiwa kuyachimba. Baadaye ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Mgawo huo ulipunguzwa sana mwaka 2010, na Septemba ya mwaka huo, baada ya meli ya uvuvi ya China kugongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani, shehena za kwenda Japani zilikwama, ingawa serikali ya China ilikana kutoa katazo lolote. Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012, zikashinda mwaka 2014, na mwaka 2015 mgawo ukafutwa. Japani haikungoja hukumu. Mwaka 2011 kampuni ya biashara ya Sojitz na shirika la serikali la rasilimali waliahidi dola milioni 250 kwa Lynas, kampuni ya Australia inayochimba Mount Weld na kupeleka makinikia Gebeng, karibu na Kuantan nchini Malaysia, ili yatenganishwe huko. Malaysia yenyewe, kuanzia Januari 2024, imezuia madini adimu ghafi kusafirishwa nje ya nchi, kwa hoja kwamba yachenjuliwe nyumbani kwanza, hoja ambayo msomaji wa Tanzania anayekumbuka sakata la makinikia la mwaka 2017 ataitambua mara moja.

Baada ya hapo zilikuja orodha mpya za China, na hapa ninaomba uvumilivu, kwa sababu kila orodha ina vitu vyake. Agosti 2023 leseni za kusafirisha nje ziliwekwa kwa galiamu na jemaniamu. Desemba 2023 zamu ilikuwa ya grafiti. Septemba 2024 ilikuwa antimoni, na Februari 2025 tangsteni pamoja na metali nyingine nne. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho madini adimu. Ni tarehe 4 Aprili 2025 ndipo leseni zilipowekwa kwa elementi saba za kundi letu: samariamu, gadoliniamu, terbiamu, disprosiamu, lutetiamu, skandiamu na itriamu. Oktoba zikaongezwa tano, na Novemba nyongeza hiyo ikasimamishwa kwa mwaka mmoja, huku ile ya Aprili ikibaki.

Msomaji makini ataona kwamba neodimiamu, ambayo ndiyo moyo wa sumaku zenye nguvu zilizobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, haimo katika orodha ya Aprili. Hata hivyo viwanda vya magari vilitikisika. Sababu ni kwamba sumaku ya neodimiamu hupoteza nguvu inapopata joto, na mota ya gari la umeme hupata joto jingi, kwa hiyo huongezwa disprosiamu au terbiamu kidogo ili ivumilie. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuifanya sumaku nzima ihitaji leseni. Honda na Daido Steel walikuwa wametangaza tangu mwaka 2016 sumaku ya mota isiyohitaji madini adimu mazito, na Lynas ilitoa oksidi ya disprosiamu huko Malaysia kwa mara ya kwanza Mei 2025, lakini hatua hizo hazikutosha kuziba pengo la wakati ule. Anayeambiwa kwamba kilichozuiwa ni kobalti na lithiamu hawezi kuyaelewa haya. Atafikiri juu ya betri, wakati kilichokwama ni mota.

Kwa upande wetu pia yapo madini adimu ya kweli. Yapo Ngualla mkoani Songwe, kwenye mradi ambao kampuni yake ya Australia, Peak, ilichukuliwa na Shenghe Resources ya China mwaka 2025. Yapo Gakara nchini Burundi, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2017 na serikali ikausimamisha mwaka 2021. Yapo Mrima huko Kwale, pamoja na niobiamu. Tanzanaiti, inayochimbwa Mirerani peke yake duniani, ni adimu kwa kila maana ya neno la kawaida, na bado si madini adimu. Koltani ya Rubaya, mashariki mwa Kongo, hutoa tantalamu, ambayo ni metali muhimu sana kwa vifaa vya elektroniki, lakini iko katika ukoo mwingine kabisa.

Kwa anayetaka jina moja la kukusanya koltani, kobalti, lithiamu, grafiti na madini adimu kwa pamoja, Kiswahili kinalo tayari: "madini muhimu" na "madini mkakati", au "madini ya kimkakati" kama wengine wanavyosema. Hayo ni majina ya sera, kila serikali huandika orodha yake na kuibadilisha inapotaka, na madini adimu huwa kifungu kimoja tu ndani yake. Msomaji wa taarifa ile ya habari hakuwa mbali sana. Angeweza kuacha sentensi yake karibu kama ilivyokuwa, na kusema kwamba viwanda vya magari barani Asia vimehangaika kwa sababu China imeweka leseni katika usafirishaji wa madini adimu, hasa disprosiamu na terbiamu zinazotiwa katika sumaku za mota.