Majina ya Wapagazi wa Vita Kuu: Namna Unavyoweza Kusaidia Kuyatafuta

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi kwamba mwenye kufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina la mpagazi hata mmoja halikuchongwa pale.

Watu waliobeba mizigo ya majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918 wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa hutajwa kuwa kama 95,000, na wapo wanahistoria wanaoamini walizidi 100,000. Hapo hatujawagusa wa upande wa Wajerumani. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wengine wakiwa njiani na mzigo kichwani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Ilisema pia kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000.

Tofauti kubwa namna hii inatokana na jinsi watu walivyokuwa wakihesabiwa. Sensa ya kweli ya Afrika Mashariki ilikuja mwaka 1948. Kabla ya hapo serikali ilikisia watu kwa kuhesabu vibanda vya kulipia kodi. Kijiji kikipoteza vijana hamsini mwaka 1917, hakukuwa na hesabu ya awali ya kulinganisha. Na kwa kuwa jamaa za marehemu wengi hawakupatikana, mishahara yao pia haikuwafikia wake na watoto wao. Jambo hili linaniuma kuliko yote.

Daftari zilizobaki zipo, lakini ni ngumu kusoma. Karani wa Kiingereza aliandika jina kama alivyolisikia; R na L zikabadilishana, na jina la baba likaachwa. Nyaraka za Kijerumani zina tahajia yake: Bagamoyo ni Bagamojo, Ujiji ni Udjidji, Mpwapwa ni Mpapua. Mtu akitafuta kwa tahajia ya leo hapati kitu, anadhani habari haipo. Ndiyo maana tunawahitaji wanaojitolea. Ukurasa mmoja hunakiliwa na watu wawili, kila mmoja kivyake bila kuona kazi ya mwenzake, kisha wa tatu anazilinganisha nakala hizo. Kinachosomeka kinaandikwa kilivyo, pamoja na makosa yake. Kisichosomeka kinawekewa alama. Kukisia kunatuharibia kazi, kwa sababu neno lililokisiwa linapendeza macho na hakuna atakayelirudia kulikagua.

Daftari peke yake haitoshi. Tuseme umekuta Juma bin Ali wa kwa jumbe fulani, wilaya ya Dodoma. Akina Juma bin Ali ni wengi mno, na jumbe huyo jina lake halimo katika ramani ya leo. Aidha, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu kwa mamilioni, hivyo kijiji kilichoandikwa mwaka 1917 huenda leo ni shamba au pori. Mwenye kujua mahame ya zamani yalikuwa wapi ni mzee wa pale pale, au mjukuu aliyewahi kuonyeshwa makaburi ya ukoo.

Ukienda kwa mzee, usimuulize mwaka. Muulize mambo. Babu aliondoka kabla ya Mtunya au baada yake? Mtunya ndiyo njaa kubwa ya Ugogo, kati ya 1917 na 1920, ambapo vyakula, mifugo na vijana vilikuwa vimechukuliwa na majeshi, mvua nayo ikakosekana. Kusini, Maji Maji ya 1905 hadi 1907 hutumika vivyo hivyo: alikuwa ameshazaliwa, ameshaoa? Mafua makubwa ya mwishoni mwa 1918 nayo yanakumbukwa sehemu nyingi. Kwa alama mbili tatu za namna hiyo, umri wa mtu hubanwa ndani ya miaka michache, na Juma bin Ali kumi wanaweza kubaki wawili.

Andika pia nani kakueleza, naye kaambiwa na nani. Wazee wawili wakipingana, ziandike kauli zote mbili. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na nakala ya kwanza iwe ya familia.

Karatasi za zamani nazo zinatafutwa: cheti, barua, picha, kibati chenye namba. Usizibandike selotepu wala usizipitishe leminesheni, maana gundi na joto huzimaliza. Piga picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, ukiweka rula pembeni. Kisha zirudishe kwenye bahasha ya karatasi, mbali na unyevu na mchwa. Nakala za picha zinatutosha. Karatasi zenyewe zibaki na wenyewe.