Je, wajua kwa nini ukiacha ugali na wali kilo hushuka haraka, kisha mzani unagoma?

Jioni pale Sinza, Dar es Salaam, kwenye majiko ya nyama choma, si ajabu kumsikia mtu akiagiza nusu kilo ya mbuzi na kachumbari, akiongeza: "Ndizi usiniwekee, wanga nimeacha." Wiki moja baadaye anakuambia kapungua kilo tatu. Anasema kweli. Ila sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji.

Wanga wa ugali, wali, chapati na viazi ukishameng'enywa huwa glukosi. Ile isiyotumika papo hapo huwekwa akiba kwenye misuli na ini, kwa umbo liitwalo glaikojeni. Mtu mzima huwa nayo kama gramu 500 hivi, na kila gramu moja hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga, mwili unaila akiba hiyo siku za mwanzo, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Piga hesabu: akiba yote ikiisha, ni karibu kilo mbili, na mafuta ya tumboni bado hayajaguswa sana. Tena insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, ikishuka, figo huachia chumvi zaidi, nayo huondoka na maji. Ndiyo maana wengi huumwa kichwa, hupata kizunguzungu wakisimama ghafla na misuli huwakaza. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, jasho linazidisha hali hiyo. Bakuli la supu yenye chumvi na maji ya kutosha hutuliza, ila mwenye presha au ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Mzani ukigoma, basi, maji ya ziada yameisha. Sasa mafuta yenyewe ndiyo yanapungua, taratibu, endapo unakula kidogo kuliko unavyotumia. Ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi. Glukosi kidogo inayobaki kuhitajika, ini hujitengenezea lenyewe, nyingine kutokana na protini.

Je, mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu? Mwaka 1928, Vilhjalmur Stefansson, mvumbuzi aliyesafiri Aktiki, nchi za barafu za kaskazini, na mwenzake Karsten Andersen walianza kula nyama tu kwa mwaka mzima, wakifuatiliwa na madaktari wa hospitali ya Bellevue, New York. Hawakupata ugonjwa wa fizi unaoletwa na upungufu wa vitamini C. Lakini nyama yao ilikuwa na mafuta mengi. Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta, aliharisha na kujisikia vibaya ndani ya siku chache, akapona aliporudishiwa mafuta. Anayejilazimisha kula kidari cha kuku kikavu asubuhi na jioni angefaa kulijua hilo. Hata hivyo watu wawili hawatoshi kuwa ushahidi wa jiji zima.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa, wengine wakapunguza wanga, wengine mafuta. Baada ya miezi 12, wa wanga walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Katika kila kundi walikuwemo waliopungua sana na walionenepa. Kwangu mimi, swali kubwa ni chakula gani utakiweza mwakani, kwenye harusi na misiba yote, na wali ukiwa mezani.

Wapo wanaowataja Wamasai kama mfano. Chakula chao cha asili kilitegemea sana maziwa, na maziwa yana sukari. Isitoshe, wanatembea mno kuliko mtu anayekaa ofisini Posta na kurudi Mbezi kwa gari.

Ukiamua kuendelea, usiache mboga. Mchicha na matembele vina wanga kidogo na nyuzinyuzi zinazosaidia choo, ambazo nyama haina. Samaki wa Feri na parachichi ni bora kuliko kutegemea mafuta ya ng'ombe kila siku, kwa sababu kwa baadhi ya watu lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu hupanda sana wakila hivyo. Haina dalili, hugundulika kwa kipimo cha damu tu, basi pima kabla ya kuanza na urudie baada ya miezi michache. Korosho nazo zina wanga zaidi ya karanga, jambo linalowashangaza wengi.

Wenye kisukari wasianze bila daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi vya kushusha sukari akikata wanga ghafla, sukari inaweza kushuka hadi akazimia, hivyo dozi hubadilishwa mapema. Anayetumia dapaglifolozini au empaglifolozini, vidonge vingine vya kisukari, yuko kwenye hatari nyingine: asidi ya ketoni inaweza kujaa kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Akianza kutapika, kuumwa tumbo na kupumua kwa kasi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na waliompeleka waseme dawa anayotumia na kwamba ameacha wanga.