Mafuta hayarudishi weusi wa fremu za madirisha

Peleka gari la zamani kuoshwa hapa Nairobi, na huenda ukaambiwa kwamba fremu zilizopauka kandokando ya madirisha zinahitaji tu mafuta ya kujipaka, au dizeli kidogo. Kweli, zinang'aa palepale. Baada ya mvua chache weupe unarudi, na vumbi limeshaganda juu yake.

Kupauka si ukavu wa ngozi. Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua huku ni mikali. Inavunja tabaka la juu la plastiki au la rangi. Mafuta hufunika tu jeraha hilo. Kwa raba inayoziba kandokando ya kioo ni vibaya zaidi, na huniuma kuona magari mazuri yakiharibiwa hivi: dizeli huivimbisha na kuilegeza, hadi maji yapate njia ya kuingia mlangoni.

Kwanza jua unashughulikia nini. Kwenye magari mengi ya zamani fremu ni chuma kilichopakwa rangi. Hicho pigia msasa laini, funika kioo na bodi kwa utepe, paka praima (rangi ya msingi), kisha rangi nyeusi isiyong'aa sana. Plastiki ioshwe kwa sabuni, ipanguswe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi, ndipo ipakwe dawa ya plastiki inayokauka na kushika. Raba iachie mwisho, kwa silikoni kidogo, maana rangi haishiki palipoguswa na silikoni. Raba iliyopasuka ibadilishwe.