Upondo haurushi mtu

Juzi kijana mwingine kanijia na simu mkononi. Ndani yake Ersu Şaşma, Mturuki wa Mersin, anaruka kwa upondo, ule mti mrefu wa mkononi, na kuupita mwamba, ile fito ya juu inayovukwa. "Kocha, cheki ule mti unavyojikunja halafu unamrusha. Nitafutie mlaini kama ule." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko shikamoo. Leo nayaandika, wa kesho nitampa asome mwenyewe.

Upondo hauna nguvu yake hata chembe. Ni kama M-Pesa: unatoa ulichoweka, tena kimekatwa ada. Na kinachowekwa kinatoka miguuni. Mrukaji wa kiwango cha fainali hufika kwenye kisanduku, pale chini ncha ya upondo inapochomekwa, kwa kasi ya karibu mita 9.5 kwa sekunde. Chukua hesabu ya fizikia ya kidato: kasi mara kasi, gawa kwa 19.6. Unapata kimo ambacho kasi hiyo inaweza kukupandisha, kama mita 4.6. Ongeza mita moja, kwa sababu kitovu cha uzito wa mwili kiko juu kiasi hicho hata kabla hujaruka. Umeshafika 5.6 na mti hujausifia bado. Kinachobaki ni kazi ya mabega na tumbo pale juu, mtu akiwa kichwa chini miguu juu, anajisukuma kutoka kwenye ncha ya upondo. Sasa punguza kasi iwe 8.5, urudie hesabu. Zimepotea kama sentimita 90, na hakuna kiwanda kinachotengeneza upondo wa kukurudishia hizo.

Halafu hiki cha "mlaini". Kila upondo wa kisasa umeandikwa urefu wake na uzito wa mtu unaomfaa. Wanaopanda viwango wanatafuta mgumu zaidi, si mlaini zaidi, maana mgumu ndio unaokurudishia haraka ulichouwekea. Ule uliouona umekunjika kama upinde kwenye simu umekunjwa na mbio za mtu. Ukiushika wewe leo, na mbio zako hizo za kukimbilia matatu, hautajikunja. Utasimama kama nguzo ya stima na kukurudisha ulikotoka, na ulikotoka hakuna godoro. Nikikupa mlaini kupita kiasi nao utajikunja kupindukia, utakupeleka mbele badala ya juu, uufagie mwamba kwa magoti ukiwa bado unapanda.

Labda jina ndilo linalotupoteza. Sisi wa pwani upondo tunaujua wa mtumbwi: unauchomeka kwenye tope, unaegemea, chombo kinakwenda. Lakini hata huko, muulize mzee yeyote wa mikokoni, anayesukuma ni mtu. Boriti haijavusha mtumbwi peke yake.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza kwangu hakuna mwamba. Tunakimbia tukiwa tumebeba mti, basi. Wanachukia, wengine hawarudi. Baada ya hapo tunahamia kwenye shimo la mchanga la kuruka chini, upondo mfupi, hatua sita. Ninachokagua ni kitu kimoja: alama ya mguu wa mwisho kabla ya kuondoka ardhini. Inatakiwa iwe wima chini ya mkono wa juu. Yule wa simu nilimjaribu hapo hapo. Nikachora mstari kwa chokaa, akaruka mara nne, na mara zote nne kisigino chake kilikuwa mbele ya mstari karibu shubiri mbili. Mtu akikanyaga ndani namna hiyo, mti unamvuta kabla hajaruka. Mabega yananing'inia nyuma na kasi yote aliyoileta inaishia mgongoni. Akainuka, akapangusa mchanga, akaniambia huu mti ni mgumu.

Maneno mengine ya watu kuhusu mchezo huu nayapitia haraka.

"Upondo mrefu ni wizi." Sheria haikuweka kikomo cha urefu, unene wala aina ya malighafi. Ukitaka mwanzi, ruka na mwanzi. Cornelius Warmerdam wa Marekani alivuka 4.77 kwa mwanzi mwaka 1942. Ila mwanzi wa kukata shambani usiniletee. Ukipasuka unapasuka vijiti vyenye ncha, na wewe uko juu yake.

"Huyo Şaşma naye ni Mkenya aliyenunuliwa." Hapa naelewa watu walikoanzia. Uturuki kweli iliwapa uraia wakimbiaji wetu: Polat Kemboi Arıkan, Yasemin Can, Kaan Kigen Özbilen, wote waliondoka Kenya na majina mengine. Lakini hao ni watu wa mbio ndefu, kitu tulichonacho tele. Mrukaji wa upondo ungemnunua kwetu wapi? Şaşma ni zao la Mersin, na kilichomtoa ni njia ya mbio iliyonyooka, rundo la pondo za ugumu tofauti na godoro lisilotoboka. Afrika yenyewe rekodi yake ni 6.03, ya Okkert Brits wa Afrika Kusini, tangu 1995. Ukitaka kulalamika, lalamikia godoro.

"Wa tano ni wa tano tu, hajapata kitu." Hii nayo inanikera. Şaşma kafika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, kisha Paris 2024 kavuka 5.85, akawa wa tano. Shaba ilikwenda kwa 5.90. Obiena wa Ufilipino alivuka 5.90 hiyo hiyo akakosa medali kwa kuhesabiwa majaribio aliyoharibu. Sentimita tano ni upana wa vidole vitatu. Sawa, Duplantis wa Uswidi, aliyechukua dhahabu, alikuwa peke yake huko 6.25, lakini ukimpima kila mtu kwa Duplantis utafunga mchezo.

"Ukigusa mwamba umekosa." Uguse, uutikise, ucheze ngoma, mwamba ukibaki juu ya vishikizi vyake umepita. Na ni kukosa mara tatu mfululizo kunakokutoa, hata kama ni kwenye urefu tofauti. Ndiyo maana unamwona mtu kakosa mara moja, anaacha urefu huo na kwenda kuchezea majaribio mawili yaliyobaki kwenye wa juu zaidi. Siyo maringo, ni hesabu.

"Si mchezo wa wasichana." Uko Olimpiki tangu Sydney 2000. Isinbayeva, mwanamke wa Urusi, alivuka 5.06 mwaka 2009. Wavulana wangu wote wakipata nusu yake nitachinja mbuzi.

Huyo wa simu nimempangia Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma. Nimemwambia aje na viatu vya mbio. Mti tutauacha stoo.